Istilahi za Utunzaji wa Chanjo na Wajibu wa Watumishi wa Zahanati

Maziwa yakichacha hunuka, samaki akioza hutambulika tangu mlangoni, na unga ulioingiliwa na wadudu huonekana kwa macho. Chanjo haina tabia hiyo. Kichupa cha chanjo ya homa ya ini kilichoganda usiku na kuyeyuka kabla ya asubuhi hukaa rafuni pamoja na wenzake wazima, na mtu akikitazama tu aghalabu hawezi kukitenga. Muuguzi atamchoma mtoto sindano, kadi itaandikwa tarehe, mama atarudi nyumbani kwa moyo mkunjufu, na mtoto huenda akabaki bila kinga. Kasoro hiyo ikidhihirika, itadhihirika baada ya miaka, wakati ugonjwa umekwisha kuingia.

Maadamu macho hayawezi kutoa hukumu, kinachobaki ni maandishi: lebo ya kichupa, karatasi ya kuandikia joto iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu, na mwongozo unaoeleza nani afanye nini. Watumishi wa zahanati zetu husoma maandishi hayo kwa Kiswahili, au huyasoma kwa Kiingereza kisha wakaelezana kwa Kiswahili. Kwa hiyo mfasiri aliyeketi mezani mjini, ambaye pengine hajapata kuliona jokofu la chanjo, ni mmoja wa watunza chanjo. Makala haya yanajadili baadhi ya maneno na miundo ya sentensi ambayo imetutaabisha katika kazi hiyo. Mapendekezo yaliyomo humu hayajasanifiwa. Yanatolewa ili yajadiliwe.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi *chanja* asili yake ni kukata au kupasua: tunachanja kuni, na wazee wetu walikuwa na undugu wa kuchanjiana, ambao ulifungwa kwa chale na damu. Tendo la kuzuia ndui lilipofika, nalo lilifanyika kwa kuikwaruza au kuitobotoboa ngozi, likapewa jina hilo hilo bila taabu. Ndui imekwisha, mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ilitangazwa rasmi kuwa imetokomezwa duniani. Neno likabaki, tena likapanuka. Leo mtoto hupewa chanjo ya polio kwa matone ya mdomoni, wala hakuna anayeuliza chale iko wapi.

Upanuzi huo haukuleta tatizo kwa mwananchi. Umeleta tatizo kwa mwandishi wa miongozo, kwa sababu *chanjo* sasa hubeba mambo matatu: dawa iliyo katika kichupa, tendo la kumpa mtu dawa hiyo, na huduma nzima inayosimamiwa na serikali. Sentensi "Msimamizi ahakikishe usalama wa chanjo" inaweza kumaanisha kuwa vichupa visiharibike, au kuwa sindano zisimdhuru mtoto. Hayo ni majukumu mawili, na huenda ni ya watu wawili. Tunapendekeza kuwa katika maandishi ya utunzaji *chanjo* itumike kwa dawa peke yake. Tendo liitwe *uchanjaji*, na huduma iitwe *huduma za chanjo*. Mwandishi akishika mpango huo tangu ukurasa wa kwanza, msomaji atamfuata.

Katika neno *joto* mambo ni mazito zaidi. Wanasayansi wetu wana *halijoto* na *jotoridi*, maneno yaliyobuniwa ili kutaja kipimo ambacho chaweza kuwa cha juu au cha chini. Nje ya shule maneno hayo hayajaenea, na mfasiri anayetaka kueleweka huandika "joto". Hapo ndipo unapopata sentensi kama "jokofu liwe na joto la nyuzi 2", ambayo kwa mkulima ni kichekesho, maana joto gani hilo lililo karibu na barafu? Hata hivyo, kichekesho hicho si cha hatari. Muuguzi amekwisha kukizoea, na *kipimajoto* kimesaidia kulizoesha sikio. Sisi tungependa *halijoto* itumike katika miongozo, lakini hatuoni sababu ya kumgombeza anayeandika "joto".

Cha hatari ni kirai *chini ya*. Chanjo katika zahanati hutunzwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za sentigredi. Sasa mtu aandike: "Zihifadhiwe chini ya nyuzi 8." Kwa sarufi hana kosa, na kwa hesabu pia hana kosa. Lakini nyuzi 5 chini ya sufuri nazo zi chini ya nyuzi 8, na mtumishi aliyekipeleka kitasa cha jokofu mwisho wa baridi atakuwa ameitii sentensi hiyo kikamilifu huku akiwa ameua shehena nzima. Mpaka wa chini lazima utajwe pamoja na mpaka wa juu, kila mara, hata pale mwandishi anapohisi kuwa anajirudia: "Joto lisipungue nyuzi 2 wala lisizidi nyuzi 8." Kadhalika ile alama ya kistari ni adui. Imezoeleka kuandika "2-8", na katika karatasi iliyonakiliwa mara nyingi kistari hicho huweza kusomwa kama alama ya hasi. Kwa majokofu ya kugandishia, ambayo kiwango chake ni kati ya nyuzi 25 na nyuzi 15 chini ya sufuri, vistari hugeuka fumbo. Tuandike "hadi", na tuandike "chini ya sufuri" kwa maneno.

Kwa nini tushikilie sana mpaka wa chini? Hapa yafaa kueleza kidogo historia. Mpango wa chanjo wa Tanzania ulianza mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango wake wa dunia nzima. Chanjo za wakati ule zilikuwa za kifua kikuu, polio, surua, na ile ya pamoja ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Adui aliyehofiwa zaidi alikuwa jua, na chanjo ya polio ya matone, iliyo nyepesi kuliko zote kuharibiwa na joto, ndiyo iliyowanyima watu usingizi. Istilahi iliyoshika mizizi ikawa *mnyororo baridi*, yaani mfululizo wa majokofu, makasha na magari yanayoifikisha chanjo kutoka kiwandani hadi kwa mtoto bila kupatwa na joto. Tangu hapo zimeongezwa nyingine nyingi: homa ya ini, nimonia, rota ya kuzuia kuhara, rubela, na tangu mwaka 2018 ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana nchini kote. Nyingi ya hizo ni za maji, na kadhaa zina chumvi za alumini ambazo chanjo imejishikiza kwake. Zikiganda, chumvi hizo hukusanyika madonge na nguvu ya chanjo hupotea. Kuyeyusha hakurudishi kitu.

Kwa maneno mengine, jina *mnyororo baridi* lilitungwa wakati baridi ilikuwa rafiki asiyeshukiwa, na linamwelekeza msikilizaji kudhani kuwa baridi ikizidi ni heri zaidi. Wapo waliopendekeza kulibadili. Sisi hatuoni kuwa inawezekana. Neno lililokwisha kuingia katika vinywa vya madereva na makarani wa bohari halifutwi kwa waraka. Linaloweza kufanyika ni kulinda tofauti kati ya vitenzi viwili vilivyo chini yake: *poza* na *gandisha*. Chanjo hupozwa. Chache tu huruhusiwa kugandishwa. *Ganda* nalo lina ukoo mkubwa: damu huganda, maziwa huganda, na tope huganda kiatuni. Hivyo pale inapohitajika, iandikwe bila haya "igandishwe kuwa barafu" au "isigandishwe kuwa barafu". Na neno *jokofu*, ambalo watu hulitumia kwa chombo cha kupoza, cha kugandisha, na hata cha kuhifadhia maiti, lisiachwe peke yake: liwe *jokofu la kupozea* au *jokofu la kugandishia*. Katika mwaka 2021, chanjo za UVIKO zilipoingia, magazeti yalilazimika kueleza majokofu ya nyuzi 60 chini ya sufuri na zaidi ambayo baadhi ya chanjo hizo ziliyahitaji, na waliokuwa wakiita kila kitu "friji" walibaki bila neno.

Barafu ina mkasa wake. Chanjo ikipelekwa vijijini huwekwa katika kasha pamoja na vipakiti vya maji yaliyogandishwa. Vipakiti vikitolewa jokofuni na kuingizwa katika kasha papo hapo, vitazigandisha chanjo zinazovigusa. Hivyo huachwa nje kwanza mpaka barafu ianze kuyeyuka, na kipimo chake ni rahisi: ukikitikisa kipakiti karibu na sikio unasikia maji yakicheza ndani. Neno la Kiingereza kwa kitendo hicho lina maana ya jumla ya kukitia kitu katika hali inayotakiwa, na tafsiri sisisi huzaa "barafu iliyowekwa katika hali", maneno yasiyomwambia mtu lolote. Tunapendekeza *kulegeza barafu*, na *barafu iliyolegezwa*. Neno linajieleza, na mwalimu hahitaji dakika mbili kulifundisha.

Juu ya vichupa vingi huwa na alama ndogo, mraba ndani ya duara, iliyoanza kutumika katika chanjo ya polio mwaka 1996. Mraba huwa mweupe zaidi kuliko duara. Kadiri chanjo inavyopatwa na joto, mraba hukolea. Ukilingana rangi na duara au ukawa mweusi zaidi, kichupa hakifai tena. Baadhi ya wafasiri wameiita alama hii kipimajoto cha kichupa. Jina hilo linapotosha, kwa sababu alama hiyo haisemi joto la sasa. Inasema jumla ya joto ambalo kichupa kimepitia tangu kilipotoka kiwandani, na haijirudi nyuma hata kichupa kikiwekwa jokofuni. Tena haisemi chochote kuhusu kuganda. Mraba mweupe unaweza kukaa juu ya chanjo iliyokufa kwa barafu. *Kiashiria joto* ni bora kidogo, mradi maelezo yake yaseme wazi hayo mawili. Anayeshuku kuwa chanjo iliganda hufanya *jaribio la kutikisa*: huchukua kichupa cha aina ile ile na cha toleo lile lile, hukigandisha makusudi, hukiyeyusha, kisha hutikisa vyote viwili na kutazama kipi mashapo yake yanatuama upesi. Kile kinachoshukiwa kikituama sawa na kile kilichogandishwa, hutupwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo katika kamusi linaonekana dogo, nalo ni *saa*. Kiswahili kina neno moja kwa muda na kwa wakati. Vilevile saa zetu huhesabiwa kuanzia mapambazuko, ilhali fomu zinazotafsiriwa huhesabu kuanzia usiku wa manane. Chukua karatasi ya joto, ambayo hujazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, sikukuu zikiwamo. Fomu ya kigeni imeandikwa 8.00 katika safu ya asubuhi. Mfasiri akiweka "saa 8", amelisogeza somo la asubuhi hadi alasiri, na hakuna tena atakayejua jokofu liliamkaje.

Mbaya zaidi ni muda. Chanjo ya surua ikishachanganywa itupwe baada ya saa 6 au kipindi cha uchanjaji kikiisha, lolote litakalotangulia, kwa sababu haina kinga dhidi ya vijidudu vinavyoweza kuota ndani yake. Maagizo yakisema "itumike kabla ya saa 6", muuguzi aliyefungua kichupa saa 4 asubuhi anaweza kukitupa adhuhuri, baada ya saa mbili tu, wakati akina mama wa kitongoji cha mbali ndio kwanza wanaingia uani. Kinyume chake kinawezekana pia. Vipimajoto vya kielektroniki vya siku 30 huonya joto linapozidi nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo, au linaposhuka hadi nusu nyuzi chini ya sufuri kwa dakika 60. Andika "likizidi nyuzi 8 saa 10", na umewaambia watu wakaangalie jokofu jioni.

Walimu wa lugha, tukiwamo sisi, tumewakosoa watu kwa muda mrefu wasiseme *masaa*, kwa kuwa *saa* haibadiliki katika wingi. Sarufi inatuunga mkono. Lakini ukiwasikiliza watu utaona kuwa aghalabu hawasemi "masaa" wanapotaja wakati. Hakuna asemaye "tukutane masaa manne". Husema "masaa" wanapohesabu muda. Yaani wasemaji wamejitengenezea tofauti ambayo sarufi sanifu haiwapi. Hatupendekezi kulisanifu neno hilo leo, ila anayelikataza na awape watu kitu badala yake: "katika muda wa saa 6 tangu kichupa kichanganywe", pamoja na nafasi ya kuandika juu ya kichupa wakati kilipochanganywa na wakati kitakapotupwa.

Tumetaja kuchanganya. Chanjo za surua, kifua kikuu na homa ya manjano huja zikiwa unga mkavu, na kila moja ina kimiminika chake kinachotoka kwa mtengenezaji yule yule. Kimiminika hicho tukiiteje? Neno la Kiingereza linatokana na kupunguza ukali kwa maji, na tafsiri yake ya moja kwa moja ingekuwa *kizimuo*. Tusilitumie: msikilizaji ataelewa kuwa chanjo inapunguzwa nguvu, mbali na maana nyingine ya kuzimua ambayo walevi wanaifahamu vizuri. Wengi husema "maji ya kuchanganyia". Jina hili ni jepesi na linaeleweka, nasi tulilipenda mpaka tulipotafakari maana yake kwa mtu aliye na haraka. Maji ni maji. Aliyepungukiwa na maji ya kichupa hiki atachukua ya kile.

Septemba 2014, katika mkoa wa Idlib nchini Syria, watoto 15 walikufa baada ya kuchanjwa surua. Chanjo ilikuwa nzima. Unga wake ulichanganywa na dawa ya kulegeza misuli inayotumiwa katika vyumba vya upasuaji, ambayo vichupa vyake vilidhaniwa kuwa vya kimiminika cha chanjo. Julai 2018, katika visiwa vya Samoa, watoto wachanga wawili walikufa kwa kosa la namna hiyo hiyo, na mwaka uliofuata wauguzi wawili walihukumiwa kifungo cha miaka 5. Wazazi wa Samoa waliogopa, uchanjaji ukaporomoka, na mwishoni mwa mwaka 2019 surua ikaua watu 83 katika nchi yenye wakazi wapatao laki mbili.

Hatudai kuwa neno lingezuia misiba hiyo peke yake. Sheria inayokataza dawa nyingine yoyote kuwekwa katika jokofu la chanjo ndiyo kinga ya kwanza. Lakini jina linaweza kumfanya mtu asite au asisite. Tunapendekeza *kichanganyio*, na kisiandikwe kamwe bila mwenyewe: *kichanganyio cha surua*, *kichanganyio cha kifua kikuu*. Kirefu, ndiyo. Urefu huo ndio unaomlazimisha mtu kusoma kichupa cha pili.

Misiba hiyo inatuleta kwenye nusu ya pili ya kichwa cha makala haya, maana palipo na kosa huulizwa ni la nani. Tazama mwongozo wowote uliotafsiriwa na utakuta sentensi za namna hii: "Jokofu likaguliwe kila siku. Joto liandikwe. Hitilafu ziripotiwe kwa wahusika." Kauli ya kutendwa katika Kiswahili ni tamu na ya heshima, haimnyooshei mtu kidole. Kwa sababu hiyo hiyo haifai hapa. Likaguliwe na nani? Zahanati ina Mganga Mfawidhi, wauguzi, mhudumu, pengine na mlinzi wa usiku, na kila mmoja akisoma sentensi hiyo atamwona mwenzake ndani yake. *Wahusika* ni neno la kujifichia zaidi: mwandishi hakujua ni nani, akaona haya kuuliza. Zipo pia sentensi zinazoanza na "Hakikisha". "Hakikisha kuwa joto linaandikwa" haimwambii msomaji aandike. Inamwambia asimame nyuma ya mtu mwingine anayeandika, na mtu huyo hayupo.

Mwaka 2017, Mei 2 hadi 5, katika eneo la Kapoeta, Sudan Kusini, kampeni ya surua iliwaua watoto 15 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Uchunguzi ulionyesha kuwa bomba moja la kuchanganyia lilitumika kwa vichupa vingi kwa siku zote nne, kwamba chanjo haikuwa imehifadhiwa mahali pa baridi, na kwamba miongoni mwa waliotoa chanjo walikuwamo watoto. Wachanjaji hawakuwa wamefunzwa ipasavyo wala kusimamiwa. Siku nne kwa kazi ya namna hiyo ni muda mrefu. Mtu mmoja aliyetajwa kwa cheo chake, mwenye amri ya kusimamisha shughuli, angeweza kuikatiza siku ya kwanza.

Kiswahili hakikosi maneno ya jambo hili. *Wajibu* ni lile ambalo mtu lazima alitende yeye. *Dhamana* ni lile ambalo mtu hujibu kwa ajili yake, hata kama mkono uliotenda ni wa mwingine. Mganga Mfawidhi ana dhamana ya chanjo zote za zahanati. Mtumishi anayesoma kipimajoto ana wajibu wa kusoma. *Jukumu* linatumika kwa maana zote mbili na, kwa sababu hiyo, halifai katika fomu ya kugawia kazi. Mtumishi huyo tumwite *Mtunza Chanjo*. Anayeshika nafasi yake akiwa likizo au mgonjwa asiitwe *msaidizi*, kwani msaidizi hufanya kazi mwenyewe akiwapo, na jokofu halina likizo. *Kaimu* lingefaa kwa maana, lakini watumishi wa serikali wanajua kuwa ukaimu una barua yake na posho yake, na hatutaki uteuzi huu ungoje mkondo huo. Tunapendekeza *Mtunza Chanjo Mbadala*, ambaye jina lake liandikwe ukutani pamoja na la mwenzake.

Huko Uingereza mwongozo wa kliniki za madaktari wa familia unataka jambo hilo hilo: mtu mmoja aliyefunzwa na aliyetajwa, na angalau mbadala mmoja. Kazi yao ya kila siku ya kazi imefupishwa kwa vitenzi vinne ambavyo kwa Kiingereza huanza na herufi moja. Ni mtego kwa mfasiri anayependa vina. Maana yake ni kusoma joto, kuliandika, kukirudisha kipimajoto mwanzo ili kianze kuhesabu juu na chini upya, na kuchukua hatua likiwa limetoka nje ya mipaka. Kwa hatua ya tatu wapo watakaoandika "futa", ambayo ni fupi na inakaa vizuri. Mtumishi mgeni anaweza kuifuta karatasi. Herufi moja na iende zake: soma, andika, rudisha kipimajoto, chukua hatua.

Na hiyo "chukua hatua" nayo ifafanuliwe. Sentensi zetu tatu za mwanzo tungeziandika upya hivi: "Mtunza Chanjo atasoma kipimajoto saa 2 asubuhi na saa 10 jioni, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo, na ataandika joto na jina lake katika karatasi. Akikuta joto limepungua nyuzi 2 au limezidi nyuzi 8, atazitenga chanjo zote katika jokofu au kasha lenye baridi inayofaa, atazibandika maneno USITUMIE, na atamwarifu Mganga Mfawidhi siku ile ile. Hatazitupa. Mganga Mfawidhi atamwarifu Mratibu wa Chanjo wa Wilaya, ambaye ndiye atakayeamua kama zitatumika." Ni ndefu kuliko za mwanzo. Lakini kila kitenzi kina mtu wake, na *-ta-* imechukua mahali pa *-we* bila kumvunjia yeyote heshima. Neno "Hatazitupa" limewekwa kwa makusudi, kwa kuwa mwenye hofu hutupa haraka, na chanjo nzima hupotea pamoja na ushahidi.

Ngazi za amri pia zitenganishwe. *Lazima* na *sharti* ni kwa lile lisilo na hiari. *Yafaa* ni kwa shauri jema. *Inapaswa* limetumika kwa yote mawili mpaka limechoka, na sisi tunaliepuka. Hivyo ni lazima chakula na vinywaji visiwekwe katika jokofu la chanjo, na yafaa chupa za maji zipangwe katika nafasi tupu ya chini ili baridi isitoroke upesi umeme ukikatika.

Yamebaki maneno ambayo hatujayapatia jawabu. Lile kasha dogo la kubebea chanjo begani au kwenye baiskeli lina majina tofauti kila wilaya tuliyouliza. Chanjo iliyopita tarehe yake huitwa "imeharibika" sawa na ile iliyoganda, ingawa moja hutambulika kwa kusoma lebo na nyingine kwa kutikisa. Tena hatuna jina fupi la utaratibu wa kutoa kwanza chanjo ambayo tarehe yake ya mwisho iko karibu, hata kama iliingia bohari baadaye. Wasomaji walio karibu na zahanati, hasa walimu wa vyuo vya uuguzi, watuandikie maneno wanayoyasikia huko, pamoja na sentensi kamili ambamo neno lilitumika na wilaya lilikosikika.